Mtandao wa ndani umegoma kwenye Linux: ushike ping au arping, ip au ifconfig, nmcli au networkctl?

Printa iko mita 3 kutoka mezani, taa zake zinawaka, wanafunzi wamejipanga na flashi mkononi, na kompyuta ya Linux inasema printa haipatikani. Kwenye steshenari ya Moshi iliyo jirani na chuo, tatizo hilo huisha kwa dakika 5 au hula siku nzima, na mara nyingi kinachoamua ni amri ya kwanza uliyoandika. Arusha sura yake ni nyingine: ofisi ya utalii, msimu wa wageni umepamba moto, intaneti inafunguka vizuri, meseji za WhatsApp zinaingia, ila folda ya pamoja yenye vocha za hoteli haifunguki kwenye mashine mbili kati ya tano.

Yote hayo ni matatizo ya mtandao wa ndani. Mtoa huduma wa intaneti hahusiki, na ukimpigia utaambiwa uzime rauta uiwashe tena.

Hapa tunazipambanisha zana zinazofanya kazi za aina moja, ujue ipi uishike na lini. Tunazipima kwa maswali mawili. La kwanza: je, ipo tayari kwenye mashine? Mtandao ukiwa umekufa huwezi kuipakua. La pili: jibu lake linatenganisha chanzo kimoja na kingine, au linakuambia tu kwamba imeshindikana, jambo ambalo ulishalijua?

Katika mifano yote rauta ni 192.168.1.1, printa ni 192.168.1.60, kadi ya waya ni enp3s0 na ya Wi-Fi ni wlp2s0. Majina ya kadi zako utayaona kwa `ip -br link`.

ip au ifconfig

Hapa hakuna mjadala mrefu. ifconfig imo kwenye furushi la net-tools, ambalo Debian na Ubuntu za miaka ya karibuni haziji nalo. Mafunzo mengi ya zamani bado yanaitaja, na fundi aliyejifunzia huko huanza kazi kwa kuhangaika kuipakua kwenye mashine isiyo na mtandao. ip ipo tayari. Tena ifconfig inaweza kukuficha anwani ya pili iliyowekwa kwenye kadi ile ile, na anwani mbili kwenye kadi moja ni dalili tutakayoihitaji mbele.

```
ip -br link
ip -br addr
ip route
```

Kwenye amri ya kwanza tafuta neno NO-CARRIER. Likiwepo, kadi imewashwa ila hakuna mawimbi yanayofika: waya, plagi, tundu la swichi, au swichi yenyewe haina umeme. Kama NO-CARRIER haipo na neno UP pia halimo ndani ya mabano, kadi imezimwa kwa programu, na `sudo ip link set enp3s0 up` inaiamsha. Hali zote mbili hujionyesha kama "hakuna mtandao" kwenye alama ya pembeni mwa skrini, lakini moja inakupeleka darini kukagua waya na nyingine inaishia kwenye kiti.

Amri ya pili inaonyesha kama umepewa anwani. Ukiona tu anwani inayoanza na fe80, au ile ya 169.254, kompyuta iliomba anwani kwa DHCP (utaratibu ambao rauta hugawa anwani yenyewe) na haikujibiwa. Kwenye Windows hujitokeza 169.254 karibu kila mara. Kwenye Linux yenye NetworkManager (programu inayosimamia kadi za mtandao) mara nyingi hutaona anwani ya IPv4 kabisa, jambo linalowababaisha waliozoea upande wa pili.

Amri ya tatu itazame kwa makini kama ofisi ina rauta ya fiba na pia kirauta cha laini ya simu cha akiba. Mistari miwili ya `default` maana yake mashine ina njia mbili za kutokea, na yenye namba ndogo ya metric ndiyo inayotumika. NetworkManager huipa kadi ya waya 100 na Wi-Fi 600.

Waya: macho, ethtool, au kubadilisha tu

Taa ya kijani kwenye tundu la kadi inasema kitu kimoja tu: kuna mawimbi. Haisemi kwamba nyuzi zote 8 zinafanya kazi. Muungano wa megabiti 100 hutumia nyuzi 4 tu, namba 1, 2, 3 na 6. Gigabiti huzitaka zote 8. Ndiyo maana waya uliong'atwa na panya juu ya dari unaweza kuwaka taa vizuri, ukashuka hadi 100, au ukawa unakata na kurudi kila baada ya dakika chache.

`sudo ethtool enp3s0` inakupa mistari mitatu ya maana: Speed, Duplex na Link detected. Kadi ya gigabiti kwenye swichi ya gigabiti ikisoma 100Mb/s, anza na plagi za RJ45. Ikisoma Half kwenye Duplex (kutuma na kupokea kwa zamu), kuna mtu aliyelazimisha mwendo upande mmoja badala ya kuziacha kadi na swichi zielewane zenyewe. Rudisha pande zote kwenye hali ya kuelewana.

Sasa, ethtool inaweza isiwepo. Kerneli yenyewe inayo majibu yale yale:

```
cat /sys/class/net/enp3s0/carrier
cat /sys/class/net/enp3s0/speed
cat /sys/class/net/enp3s0/statistics/rx_crc_errors
```

Ya kwanza hujibu 1 au 0. Ikijibu `Invalid argument`, kadi imezimwa, iwashe kwanza. Ya tatu ndiyo ya thamani: isome, subiri dakika moja huku ukinakili faili kubwa, isome tena. Ikipanda, data inafika imeharibika, na karibu kila mara ni waya au plagi. Isipopanda, acha waya.

Je, kubadilisha waya bila kupima? Kama una waya mfupi wa kiwandani unaoaminika, ni sekunde 20, fanya. Tatizo ni pale "waya mpya" unapotoka kwenye boksi lile lile la bei chee. Nyingi za bei hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Aluminiamu hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, hukatika haraka ikikunjwa, na kamera au Wi-Fi ya darini inayolishwa umeme kupitia waya huo hupata volti pungufu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: shaba tupu ni nyekundu hadi katikati, ile nyingine ni nyeupe ndani. Kipimo hiki hakihitaji hata kompyuta kuwashwa. Ukomo wa mita 100 nao ni wa waya wa shaba uliobanwa sawasawa, kwa mpangilio mmoja pande zote: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Msimu wa masika una lake. Radi ikipiga jirani, tundu la kwenye ubao mama huungua bila kompyuta kufa. Unanunua kadi ya PCIe au ya USB, unaichomeka, na bado mtandao haupo. Sababu ni jina: kadi mpya inaitwa enp4s0, au enx ikifuatwa na anwani yake ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi yenyewe), wakati faili la mipangilio bado linaitaja enp3s0. Hilo linatupeleka kwa msimamizi, yaani programu inayoipa kadi mipangilio yake.

Nani anaisimamia kadi yako

Nusu ya ushauri unaokutana nao haufanyi kazi kwa sababu uliandikwa kwa msimamizi mwingine. Kabla hujabadilisha lolote, jua uko upande gani.

| | NetworkManager | systemd-networkd | ifupdown |
|---|---|---|---|
| Utaikuta | Ubuntu ya mezani, Mint, Fedora | Ubuntu ya seva, kupitia Netplan | Debian isiyo na mazingira ya mezani |
| Kuuliza hali | `nmcli device status` | `networkctl status enp3s0` | `cat /etc/network/interfaces` |
| Kumbukumbu | `journalctl -u NetworkManager -b` | `journalctl -u systemd-networkd -b` | `journalctl -u networking -b` |
| Wi-Fi | bila shida | kwa msaada wa wpa_supplicant au iwd | kwa msaada wa wpa_supplicant |
| Kadi ikibadilika jina | kwa kawaida huunda muunganisho mpya yenyewe | hariri faili | hariri faili |

Kwa laptopu ya mtu wa mauzo anayehama kati ya ofisi, nyumbani Njiro na hoteli, chagua NetworkManager na usiangalie nyuma. Kwa seva ya faili iliyofungiwa kwenye kabati, networkd ni nyepesi na haina mambo mengi. Ukiwa na Netplan (mfumo wa Ubuntu wa kuandika mipangilio ya mtandao kwenye faili), tumia `sudo netplan try` badala ya `netplan apply`: usipothibitisha ndani ya sekunde 120, inarudisha mipangilio ya zamani. Hiyo peke yake imewaokoa watu safari ya kutoka Arusha kwenda Moshi kwa sababu ya nafasi moja iliyokosewa kwenye faili la YAML.

Mwenye steshenari anayetumia kompyuta ya mezani ya mtumba na Mint juu yake hana haja ya kujua lolote kuhusu mbili za mwisho, isipokuwa kitu kimoja: `nmcli device status` ikiandika `unmanaged` mbele ya kadi, kwenye mifumo ya jamii ya Debian kuna uwezekano mkubwa kwamba kadi hiyo imetajwa ndani ya /etc/network/interfaces. Weka alama ya # mwanzoni mwa mistari inayoitaja, kisha `sudo systemctl restart NetworkManager`. Wasimamizi wawili wakiachwa wakigombania kadi moja, kila mmoja huomba anwani yake. Ndizo zile anwani mbili ambazo ifconfig ingeweza kukuficha.

ping au arping

Watu huitumia ping kama swali la ndiyo au hapana. Ni hasara, kwa sababu namna inavyoshindwa ndiyo habari yenyewe.

`Network is unreachable` maana yake kompyuta haina njia kabisa; rudi kwenye ip route. `Destination Host Unreachable` inayotoka kwenye anwani yako mwenyewe maana yake kompyuta iliuliza mtandao mzima "nani mwenye 192.168.1.60?" na hakuna aliyeitika. Kimya kitupu mpaka unapobonyeza Ctrl na C maana yake mwenye anwani alipatikana, pakiti zikaenda, ila majibu hayarudi. `Temporary failure in name resolution` haihusu printa hata kidogo, ni majina ndiyo yamekwama.

Kile kimya ndicho kinachopoteza watu. Mashine za Windows mara nyingi zimewekewa faiawoli isiyojibu ping, kwa hiyo mhasibu anatangaziwa kwamba kompyuta yake imekufa wakati yeye anaendelea kuandika ankara. Hapo arping inashinda:

```
sudo arping -c 3 -I enp3s0 192.168.1.60
```

Hii inauliza kwa ARP (lile swali la "nani mwenye anwani hii?"), ngazi ya chini kuliko ile ambayo faiawoli hizo huzuia. Kifaa kikiwa kimewashwa na kipo kwenye mtandao mmoja na wewe, kitajibu, pamoja na anwani yake ya MAC. Kisipojibu, huna sababu ya kuendelea kubishana na draiva ya printa.

Uwezo wake wa pili ndio tunaoupenda zaidi. Majibu yakirudi kutoka anwani mbili tofauti za MAC, vifaa viwili vimejipa anwani moja. Dalili zake zinachekesha ukishazijua: printa inachapa asubuhi, mchana inagoma, jioni inachapa tena, kwa sababu simu ya mtu fulani ilipewa 192.168.1.60 na rauta na mwenye nayo alitoka kwenda kula. Kama unataka kuweka anwani kwa mkono, ijaribu kwanza kwa `sudo arping -D -c 3 -I enp3s0 192.168.1.50`, majibu sifuri maana yake hakuna anayeishikilia kwa sasa. Kwa sasa tu, maana simu iliyo mfukoni barabarani haijibu.

Angalizo: kwenye Debian na Ubuntu kuna mafurushi mawili yenye amri hii. Unalotaka ni iputils-arping. Lile linaloitwa arping tu lina alama tofauti, na -D yake ni kitu kingine.

Na kama hakuna arping? Piga ping mara moja kisha uliza jedwali la majirani:

```
ping -c 1 192.168.1.60; ip neigh show 192.168.1.60
```

Ukiona MAC na neno REACHABLE, kifaa kipo hata kama ping ilikuwa kimya. FAILED au INCOMPLETE, hakikuitika. STALE haina ubaya wowote: inasema tu kwamba taarifa hiyo haijahakikiwa kwa muda. Upungufu wa njia hii ni kwamba jedwali huhifadhi MAC moja tu, hivyo mgongano wa anwani hutauona. Kwa matumizi ya kila siku ip neigh inatosha. Kwa tatizo linalokuja na kuondoka, tafuta arping.

Anwani imetoka kwa nani: nmcli, tcpdump

Hili ndilo kosa tunalolikuta zaidi kwenye ofisi zilizokua kidogo kidogo. Wi-Fi haifiki chumba cha nyuma, mtu ananunua rauta ya pili, anachukua waya kutoka ya kwanza na kuuchomeka kwenye tundu lolote lililo wazi. Kama ni tundu la LAN, sasa kuna seva mbili za DHCP kwenye mtandao mmoja, na kila kompyuta inapoamka inachukua anwani ya atakayewahi kujibu. Mashine tatu zimeangukia kwenye 192.168.1, mbili kwenye 192.168.0. Intaneti inaweza kupatikana kwa zote. Folda ya pamoja haipatikani kwa zile mbili.

Swali la haraka, bila kusakinisha kitu:

```
nmcli -f DHCP4 device show enp3s0 | grep server
```

Linakupa anwani ya seva iliyokukodishia. Likitofautiana kati ya mashine ya kaunta na ya ofisini, umeshampata mwizi. Udhaifu wake: linaonyesha mshindi tu, halionyeshi mbio zenyewe. Rauta zote mbili zikiwa zimetoka kiwandani na 192.168.1.1, majibu yatafanana kabisa na utaapa kwamba ni moja. (Hapo `arping` kwa 192.168.1.1 itakutolea MAC mbili.)

tcpdump inaonyesha mbio. Fungua terminali mbili, kwenye moja:

```
sudo tcpdump -evni enp3s0 port 67 or port 68
```

na kwenye nyingine `nmcli device disconnect enp3s0`, kisha `nmcli device connect enp3s0`. Mwendo mzuri ni hatua 4: Discover, Offer, Request, ACK. Wakati mwingine Discover inarukwa kwa sababu kompyuta inaomba tena anwani yake ya zamani. Discover zinazojirudia bila Offer: ombi halimfikii mtoaji, au mtoaji amelala. Offer mbili kutoka MAC mbili: rauta mbili. NAK: rauta inaikataa anwani uliyokuwa nayo, jambo la kawaida baada ya mtu kubadilisha mipangilio yake.

Wireshark nayo? Inasoma vitu vile vile kwa rangi na madirisha. Kwa swali hili haina cha kuongeza, na kuifundisha kwa mtu mwenye foleni kaunta ni kumwonea. Inafaa pale unapohifadhi mtiririko kwa `tcpdump -w kesi.pcap` na kuupeleka kwa mtu mwingine ausome kwa utulivu.

Tiba ya rauta ya pili: ingia kwenye mipangilio yake, badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2, zima DHCP, na waya unaotoka kwa rauta kuu uingie kwenye tundu la LAN. Fuata mpangilio huo huo, maana ukizima DHCP kwanza huenda usiweze kuingia tena bila kujipa anwani kwa mkono. Ukichomeka tundu la WAN badala yake, hakutakuwa na seva mbili zinazogombana, lakini walio nyuma ya rauta hiyo wanakuwa kwenye kisiwa chao: wanaweza kuifikia printa ya nje kwa anwani, ila haitajitokeza yenyewe kwenye orodha, na walio nje hawawafikii wao.

Waya au Wi-Fi wakati wa kuchunguza

Chunguza kwa waya. Wi-Fi inaongeza vyanzo vingine vya makosa juu ya vile ulivyonavyo. Lakini kama tatizo liko kwenye Wi-Fi peke yake, waya utakudanganya kwamba kila kitu ni kizima, kwa hiyo tumia vyote viwili kama mizani: kwa waya printa inaonekana, kwa Wi-Fi haionekani, na intaneti ipo kote. Jibu la hilo mara nyingi ni kwamba umeungwa kwenye mtandao wa wageni, au rauta imewekewa utengano unaoandikwa AP Isolation kwenye menyu yake. Lodge na hosteli za wapanda mlima huuwasha kwa makusudi, ili mgeni asiingie kwenye kompyuta ya mgeni mwingine. Mapokezi wakiutumia mtandao huo huo, printa yao inapotea. Dalili: ping kwa rauta inajibu, ping kwa printa inarudisha `Destination Host Unreachable`.

Chanzo cha pili ni kirauta cha laini. Fiba ikikatika, mtu anawasha kirauta chake cha mfukoni, laptopu zinakikumbuka na kuhamia huko. Vingi vya Huawei hugawa anwani za 192.168.8, kwa hiyo `ip -br addr` inakuambia ukweli kwa mtazamo mmoja. Fiba ikirudi, laptopu hazirudi zenyewe. `nmcli connection show --active` itakuonyesha zimeshika nini.

Nguvu ya mawimbi ipime kwa `iw dev wlp2s0 link`. Karibu na -60 dBm ni nzuri. Ukifika -80, usitegemee kuchapa faili la kurasa 200. Masafa ya GHz 5 yana kasi lakini huchoka upesi kwenye kuta za tofali. Chumba cha nyuma mara nyingi kinafaidika zaidi na GHz 2.4, kwenye chaneli 1, 6 au 11.

dig au getent

Printa ikitafutwa kwa jina, kama `printa.local`, dig itakuambia haipo hata kama ipo. dig inaiuliza seva ya DNS (inayogeuza majina kuwa anwani) moja kwa moja, wakati majina ya .local hayaishi huko. Yanatangazwa na vifaa vyenyewe kwa mDNS, kwenye poti 5353 ya UDP. `getent hosts printa.local` inafuata njia ile ile ambayo programu nyingi hufuata, kwa mpangilio wa /etc/nsswitch.conf, kwa hiyo jibu lake ndilo zitakalopata. Kwa majina ya ndani, getent. Kama getent inashindwa na anwani ya printa inajibu, angalia kama libnss-mdns imesakinishwa.

dig ina kazi yake kwa majina ya nje: `dig @192.168.1.1 debian.org` ikijibu na getent ikashindwa, kosa liko ndani ya mashine yako.

Kifaa kipo, huduma je?

Printa inaweza kujibu ping huku ikikataa kazi. Uliza poti: 9100 kwa printa nyingi za ofisini, 631 kwa IPP, 445 kwa folda za pamoja za Windows na Samba. `nc -zv 192.168.1.60 9100` ni safi, na kama nc haipo, bash ina mlango wake:

```
timeout 3 bash -c '</dev/tcp/192.168.1.60/9100' && echo wazi
```

`Connection refused` ni habari njema kiasi: umefika, ila hakuna anayesikiliza hapo. Muda ukiisha kimya, kuna faiawoli njiani au pakiti zinapotea. Na ikiandika wazi lakini bado haichapi, mtandao umemaliza kazi yake. Hamia CUPS (programu ya Linux inayosimamia uchapaji), kwa `lpstat -t`, uone kama foleni ya printa imesimamishwa. Linux huisimamisha foleni baada ya kosa na wakati mwingine haiirudishi, hata tatizo la mwanzo likiisha. `sudo cupsenable` ikifuatwa na jina la printa inatosha.

Kwenye kompyuta za mtumba kuna mtego mmoja unaojifanya tatizo la mtandao: betri ya CR2032 imekwisha, umeme umekatika usiku, saa imerudi miaka nyuma. ping inajibu, printa inachapa, ila kivinjari kinakataa kila tovuti kwa sababu vyeti vyake havilingani na tarehe. `timedatectl`, kabla hujagusa rauta.

Anwani ya printa: iwekwe wapi

Ukiiachia DHCP iamue, itabadilika siku moja baada ya umeme kukatika na kila kompyuta itaipoteza. Ukiiweka kwa mkono kwenye skrini ya printa, haibadiliki, lakini rauta haijui na inaweza kumpa mtu mwingine anwani ile ile, isipokuwa umechagua namba iliyo nje ya fungu inalogawa. Rauta ikigawa kuanzia 100 hadi 200, basi 60 ni salama. Ya tatu ni kuihifadhi kwenye rauta: unaandika MAC ya printa na anwani unayoitaka, printa yenyewe inabaki kwenye DHCP. Kwa ofisi yenye mtu mmoja mwenye nenosiri la rauta, chagua hii ya tatu. Kwa steshenari ambayo nenosiri alilijua fundi aliyehamia Dar, weka kwa mkono nje ya fungu, na uandike anwani hiyo kwa kalamu isiyofutika kwenye mgongo wa printa.

Zana ambazo haziji na mfumo zipakue leo, mtandao ukiwa mzima:

```
sudo apt install ethtool iputils-arping tcpdump netcat-openbsd bind9-dnsutils iw
```

Ukichelewa, simu ya Android iliyochomekwa kwa waya wa USB na kuwashiwa ushirikishaji wa intaneti itajitokeza kama kadi nyingine, usb0 au enx, bila draiva yoyote. Mafurushi hayo 6 hayali bando kubwa. Kumbuka kuichomoa ukimaliza, kwa sababu ikibaki hapo `ip route` itakuwa na `default` mbili tena.